Binti, Mke, Mjane, Mpigania Uhuru: Utumishi wa Vita na Uraia katika Tawasifu ya Wambui Waiyaki Otieno

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi utumishi wa vita wa mwanamke unavyotajwa katika lugha, na jinsi jina linalopewa utumishi huo linavyoathiri nafasi yake ya uraia baada ya vita. Matini kuu inayohakikiwa ni tawasifu ya Wambui Waiyaki Otieno, *Mau Mau's Daughter: A Life History* (1998), ambayo inasomwa sambamba na tamthilia ya *Mzalendo Kimathi*. Makala inadai kuwa tawasifu hii inasimulia mvutano kati ya aina mbili za majina: majina ya kazi, ambayo Wambui anayadai kwa sababu ya aliyoyatenda, na majina ya ujamaa, ambayo chama, mahakama na umma vinampa kwa sababu ya aliozaliwa nao au aliyeolewa naye. Mafanikio ya tawasifu ni kuligeuza neno la ujamaa, *binti*, liwe neno la utumishi. Kikomo chake kinaonekana katika neno *mjane*, ambalo msimulizi hakuweza kuligeuza mbele ya sheria.

Utangulizi

Fasihi inayohusu vita vya Mau Mau imekuwa na wanawake tangu mwanzo, lakini mara nyingi wanawake hao wamekuwa watu wa kupita: wanapeleka chakula, wanaficha silaha, wanalia, wanasubiri. Katika tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976 na baadaye kusomwa katika Kiswahili kwa jina la *Mzalendo Kimathi*, hali hii inaanza kubadilika. Mhusika aitwaye Mwanamke anabeba bastola iliyofichwa ndani ya mkate, anawapita askari kwa ujanja, na anamfundisha Mvulana na Msichana maana ya mapambano. Bila yeye mtiririko wa matukio ungekatika. Hata hivyo, hana jina. Kimathi anaitwa kwa jina lake. Mwanamke anayehatarisha maisha yake kwa ajili ya Kimathi anaitwa kwa jinsia yake.

Ukosefu huo wa jina unaweza kutetewa. Mwanamke wa tamthilia anawakilisha maelfu, na mwakilishi wa maelfu hahitaji jina la mmoja. Lakini utetezi huo unazua swali: kwa nini mwanamume mmoja anaweza kuwakilisha taifa kwa jina lake mwenyewe, ilhali mwanamke anaweza kuwakilisha wenzake kwa kupoteza lake tu? Tawasifu ya Wambui Waiyaki Otieno, iliyotoka miaka 22 baada ya tamthilia hiyo, inaweza kusomwa kama jibu la swali hili. Mwanamke aliyefanya kazi inayofanana sana na ya mhusika wa jukwaani anasimama na kusema jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake mkuu na jina la mume wake. Makala hii inafuatilia gharama ya kuyasema majina hayo.

Mpiganaji na Mpigania: Suala la Istilahi

Kabla ya kuichambua tawasifu, inafaa kuangalia msamiati ambao Kiswahili kinautoa kwa mtu wa aina ya Wambui. Alizaliwa mwaka 1936 katika eneo la Kikuyu, wilaya ya Kiambu. Alikula kiapo cha Mau Mau mwaka 1952, mwaka uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa, na mwaka 1954 aliondoka nyumbani na kuingia Nairobi. Huko alifanya kazi ya skauti: kukusanya taarifa, kupeleleza, na kusaidia silaha ziwafikie wapiganaji. Hakuishi msituni wala hakuongoza kikosi chenye bunduki. Je, mtu huyu aitwe nani?

Nomino *mpiganaji* inatokana na kitenzi *pigana*, chenye kauli ya kutendana, na kiambishi tamati *-aji* kinachoashiria mazoea au kazi. Neno hili linaelekeza macho kwenye tendo la kukabiliana: kuna adui mbele na kuna silaha mkononi. Kwa kipimo hicho skauti wa mjini anabaki nje ya mlango. Nomino *msaidizi* inampa nafasi, lakini ni nafasi ya pembeni. Msaidizi huwapo kwa sababu yupo mwenye kazi. Utawala wa kikoloni ulitumia mantiki hiyohiyo ulipowaita watu walioipa Mau Mau chakula, fedha na habari kwa jina lenye maana ya tawi lisilotenda, ingawa watu wa tawi hilo walifungwa, waliteswa na waliuawa kwa kutenda kwao.

Istilahi ya tatu ni *mpigania uhuru*. Kimofolojia, *pigania* ni kauli ya kutendea iliyojengwa juu ya ile ya kutendana, na nomino yake haiwezi kusimama bila kijalizo. Mtu hawezi kuwa mpigania tu. Lazima apiganie kitu fulani: uhuru, haki au ardhi. Kwa hiyo, ambapo *mpiganaji* linauliza mtu alipigana na nani na kwa silaha gani, *mpigania* linauliza alipigana kwa ajili ya nini. Tofauti hii ndogo ya kisarufi inabeba uzito mkubwa wa kijamii. Inamwezesha mwanamke aliyebeba taarifa kuhesabiwa pamoja na mwanamume aliyebeba bunduki, kwa kuwa lengo lao lilikuwa moja. Pia inaruhusu mapambano yaendelee baada ya bunduki kunyamaza, kwa kuwa kitu kinachopiganiwa kinaweza kuwa hakijapatikana.

Kwamba suala hili si la kamusi tu linaonekana katika kumbukumbu rasmi. Mnara wa kuwakumbuka waathiriwa wa mateso ya kikoloni, uliozinduliwa Uhuru Park, Nairobi, mwaka 2015, unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akiwa ametazama upande mwingine ili wasitambuane. Sanamu hiyo inamtambua mwanamke na inautambua usiri wa kazi yake. Lakini inamtambua akiwa na chakula mkononi. Mtazamaji ambaye hajasoma tawasifu kama ya Wambui anaweza kuondoka akiamini kwamba mkono wa mwanamke haukubeba kitu kingine.

Binti: Ukoo Unaogeuzwa

Jina la tawasifu ndilo tendo lake la kwanza la kifasihi. Msimulizi hajiiti askari, skauti wala shujaa; anajiita binti. Katika Kiswahili neno hili lina historia yake. Katika majina ya pwani, *binti* huliunganisha jina la mwanamke na la baba yake, kama ilivyo katika majina ya Mwana Kupona binti Msham na Siti binti Saad. Ni neno la nasaba kabla ya kuwa neno la umri. Anayeitwa binti fulani anatambulishwa kwa mwanamume aliyemzaa.

Kwa kawaida hiyo, Wambui ni binti wa Tiras Waiyaki, Mkristo na afisa wa polisi katika serikali ya kikoloni. Tawasifu haimfichi baba huyo wala haimdharau. Lakini jina la kitabu linaiweka harakati mahali pa baba. Msomaji anaombwa akubali kwamba kuna uzazi mwingine unaopatikana kwa kiapo, na kwamba uzazi huo unaweza kumtoa mtoto katika nyumba ya polisi na kumpeleka katika mtandao unaowindwa na polisi haohao.

Mgeuko huu hauikati nasaba, unaipita juu. Tawasifu inarudi nyuma hadi kwa Waiyaki wa Hinga, babu mkuu wa msimulizi, aliyefariki Kibwezi mwaka 1892 baada ya kukamatwa na Waingereza. Kifo chake kinatumika kama chanzo cha deni ambalo kizazi cha wajukuu kinapaswa kulilipa. Kwa mbinu hii msimulizi anapata hoja mbili kwa pamoja. Kwanza, anapojiunga na Mau Mau hamwasi mzazi, bali anamtii mzee wa mbali zaidi. Pili, urithi wa kupinga ukoloni, ambao katika masimulizi mengi hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, hapa unamfikia msichana moja kwa moja. Neno *binti* linabaki kuwa la nasaba, lakini sasa linadai kazi.

Ujasiri wa jina hilo unaonekana zaidi tarehe ya kuchapishwa ikizingatiwa. Mwaka 1998 Mau Mau ilikuwa bado imepigwa marufuku kisheria nchini Kenya. Marufuku iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950 iliondolewa mwaka 2003 tu. Kwa miaka 40 ya uhuru, waliokula kiapo walikuwa wanachama wa kundi haramu katika nchi waliyosaidia kuikomboa. Kujiita binti wa Mau Mau mbele ya sheria hiyo ni kudai ubinti wa mzazi ambaye dola ilikuwa haijakubali kwamba alikuwa halali.

Ustadi wa Skauti katika Sauti ya Msimulizi

Kazi ya upelelezi ina maadili yanayopingana na ya tawasifu. Skauti huishi kwa kuficha jina, kubadilisha sura na kutosema anachokijua. Mwandishi wa tawasifu huishi kwa kufanya kinyume. Mvutano huu umeacha alama katika usimulizi wa Wambui. Sehemu za vita zinasimuliwa kwa kasi na kwa mkazo wa mbinu: nani alipata habari, ilipita wapi, ilimfikia nani. Hisia za msimulizi hupewa nafasi ndogo. Msomaji anayetarajia kuona hofu ya msichana asiyefika miaka ishirini katika Nairobi ya mwaka 1954, mwaka ambao msako mkubwa wa kijeshi ulikamata maelfu kwa maelfu ya watu mjini humo, hukuta zaidi maelezo ya mpangilio wa kazi.

Ukavu huo unaweza kuhesabiwa kuwa udhaifu wa kifani. Makala hii inauona kuwa ni dai. Masimulizi ya vita ya wanaume husifiwa kwa kueleza mbinu, na ya wanawake husifiwa kwa kueleza mateso. Msimulizi anapochagua kueleza mbinu kwanza, anaomba asomwe kama mtaalamu wa kazi yake. Hapa anatofautiana na Mwanamke wa *Mzalendo Kimathi*, ambaye ujanja wake wa kuwapita askari unaonekana kama kipaji cha ghafla. Katika tawasifu ujanja huo ni ujuzi unaojifunzwa, unaoweza kufundishwa, na unaotegemea wenzake.

Ujuzi huohuo unaendelea kufanya kazi katika sehemu za maisha ya kiraia. Wambui alishiriki katika siasa za Nairobi pamoja na kina Tom Mboya, akagombea ubunge mwaka 1969 alipokuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini Kenya kufanya hivyo, na akafanya kazi katika vyama vya wanawake kwa miongo kadhaa. Katika sehemu hizi msimulizi bado anapima watu kama skauti: nani anaaminika, nani anabadilika akishapata cheo, mlango gani uko wazi. Vita na uraia havitenganishwi na ukuta wa mwaka 1963. Hii ndiyo maana ya *kupigania*: kijalizo kinabadilika, kitenzi kinabaki.

Lamu: Kutoka Siri hadi Ushahidi

Mahali ambapo ukavu wa skauti unavunjika ni Lamu. Wambui alizuiliwa huko mwaka 1960, na tawasifu inaeleza kwamba akiwa kizuizini alibakwa na afisa wa kikoloni. Uchaguzi wa kulieleza jambo hili hadharani, kwa jina lake mwenyewe, ni mzito kuliko uchaguzi mwingine wowote katika kitabu. Ubakaji ni silaha inayotegemea aibu ya aliyetendewa ili kumlinda aliyetenda. Skauti aliyefunzwa kunyamaza alikuwa na sababu mbili za kunyamaza: nidhamu ya kazi na desturi ya jamii. Tawasifu inakataa zote mbili.

Katika mpangilio wa matini, tukio la Lamu haliwekwi kama siri ya familia bali kama sehemu ya rekodi ya utawala. Kwa kuliweka pamoja na kiapo, kukamatwa na siasa, msimulizi analitoa katika uwanja wa aibu na kuliingiza katika uwanja wa haki. Thamani ya tendo hili ilionekana zaidi miaka iliyofuata. Mwaka 2009 wazee Wakenya walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza wakidai fidia kwa mateso ya kizuizini, na miongoni mwao alikuwepo Jane Muthoni Mara, aliyetoa ushahidi wa ukatili wa kingono. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Haiwezi kudaiwa kwamba kitabu kimoja ndicho kilicholeta matokeo hayo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba ushahidi wa namna hiyo ulikuwa tayari umechapishwa kwa sauti ya mwanamke mmoja zaidi ya miaka 10 kabla ya kesi.

Mjane Mahakamani

Mwaka 1963 Wambui aliolewa na Silvano Melea Otieno, wakili Mjaluo. Ndoa hiyo, ya Mkikuyu na Mjaluo katika mwaka wa uhuru, inasimuliwa katika tawasifu kama sehemu ya ahadi ya taifa jipya. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager, akiwemo ndugu wa marehemu Joash Ochieng' Ougo, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilidumu kwa miezi na kufuatiliwa na nchi nzima. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba azikwe Nyalgunga, na akazikwa huko tarehe 23 Mei. Wambui hakuhudhuria mazishi.

Sehemu hii ya tawasifu ndiyo inayofichua mantiki ya kitabu kizima. Mbele ya mahakama, majina ya kazi ambayo Wambui aliyachuma kwa miaka 35 hayakuwa na uzito wowote wa kisheria. Kiapo chake, kifungo chake, kampeni zake za ubunge, vyote havikuhusiana na shauri. Alisikilizwa kama mke aliyefiwa, na kama mke aliyefiwa akashindwa, kwa sababu mila iliyotumika iliupa ukoo neno la mwisho kuhusu maziko. Neno *binti* aliweza kuligeuza kwa sababu uwanja wa kuligeuzia ulikuwa kitabu chake. Neno *mjane* lilifasiriwa na majaji.

Hapa ndipo kuziweka vita na kesi ndani ya jalada moja kunapozaa maana ambayo hakuna hukumu iliyoweza kuitoa. Mau Mau walipigania ardhi na uhuru. Miaka 24 baada ya uhuru, mtu aliyekula kiapo kwa ajili ya ardhi ananyimwa haki ya kumzika mume wake katika ardhi waliyoimiliki pamoja. Tawasifu haihitaji kuitamka kejeli hiyo. Inatosha kuyasimulia mambo yote mawili kwa sauti moja.

Hata hivyo, usomaji wa haki hauna budi kutaja kile ambacho tawasifu haikipi nafasi. Upande wa ukoo haukuwa na uchu wa mali tu, kama msimulizi anavyoelekea kuudokeza. Kwa Wajaluo wengi, kumzika mtu mbali na nyumbani kwa baba zake ni kumwacha bila kwao, na waliosimama kutetea jambo hilo walikuwa wakitetea heshima ya marehemu kama walivyoielewa. Msimulizi aliyejenga uhalali wake wote juu ya deni kwa babu aliyefia Kibwezi angeweza kulielewa dai la wafu wa Nyalgunga. Kutolitambua kunaacha pengo katika hoja yake: nasaba ni nguvu inapompeleka vitani, lakini ni minyororo inapomzuia makaburini. Tawasifu haisuluhishi mkinzano huu, na pengine haiuoni.

Mipaka ya Sauti Moja

Pengo la pili linahusu uwakilishi. Wambui alitoka katika familia yenye jina na elimu, aliandika kwa Kiingereza, na kitabu chake kilihaririwa na mwanahistoria, Cora Ann Presley, na kuchapishwa Marekani. Wanawake wengi waliofanya kazi kama yake hawakuwa na njia hizo. Muthoni wa Kirima, aliyeishi msituni hadi uhuru na kupata cheo cha Field Marshal, hakuacha tawasifu ya namna hii. Kwa miongo mingi ushahidi wake mkuu mbele ya umma ulikuwa nywele zake za msituni, alizokubali zinyolewe mwaka 2022 tu, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kulinganisha wanawake hawa wawili kunaonyesha kwamba kumbukumbu ya vita haigawanywi kwa jinsia peke yake. Lugha, shule na ukoo navyo huamua nani ataandika na nani ataandikwa.

Suala la lugha linaihusu fasihi ya Kiswahili kwa namna ya pekee. Lamu alikozuiliwa msimulizi ni moja ya vitovu vya kale vya ushairi wa Kiswahili, na Nairobi alikopelelezea ni mji ambao Kiswahili ndicho kilichowakutanisha watu wa lugha mbalimbali. Sehemu kubwa ya maisha yanayosimuliwa ilipita katikati ya Kiswahili, lakini masimulizi yenyewe yakaandikwa kwa Kiingereza. Atakayeitafsiri tawasifu hii atalazimika kuchagua kati ya *mpiganaji* na *mpigania*, kati ya *binti* na *mwana*, na kila uchaguzi utakuwa tafsiri ya historia pia.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba tawasifu ya Wambui Waiyaki Otieno inapima thamani ya utumishi wa vita wa mwanamke kwa majina anayopewa baadaye. Imeonekana kuwa msimulizi analigeuza neno la ujamaa liwe neno la kazi, anaibadilisha siri ya skauti kuwa ushahidi wa raia, na anashindwa pale ambapo maana ya neno inaamuliwa na taasisi isiyomhesabia kazi yake. Imeonekana pia kwamba ana upofu wake, hasa kuhusu madai ya nasaba ya watu wengine.

Maisha ya mwandishi baada ya kitabu yanaithibitisha hoja hii. Mwaka 2003, mwaka uleule marufuku ya Mau Mau ilipoondolewa, aliolewa tena, safari hii na kijana mdogo kwake kwa takriban miaka 40, na mjadala wa umma ukajaa maswali kuhusu yeye kama mke na kama mjane. Mwaka 2007 aligombea tena ubunge, katika jimbo la Kajiado Kaskazini, akashindwa. Alifariki tarehe 30 Agosti 2011. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Wambui alicheza kwao, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake kilichojadiliwa ni yeye ni wa nani. Alichokifanya kimehifadhiwa katika kitabu alichokiandika mwenyewe, na hapo ndipo uhakiki wa fasihi ya vita vya ukombozi unapopaswa kukitafuta.